Kabla ya kununua skrini nyingine, tuambiwe nani atapokea simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa juma la tatu sasa limekuwa gumzo katika wilaya yetu hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nalo ni mpango wa kupanua huduma ya tiba mtandao, yaani daktari aliye mbali kumhudumia mgonjwa kwa simu au skrini, katika hospitali yetu ndogo. Mimi ni mkunga mstaafu. Nilifanya kazi katika wodi ya wazazi kwa miaka 31, na tangu nilipostaafu nimekuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya hospitali hiyo hiyo, kwa hiyo sehemu ya lawama ninayoitoa hapa inanirudia mwenyewe. Hospitali sitaitaja kwa jina, kwa kuwa wengi wa waliomo ni vijana niliowafundisha mimi kumpokea mtoto anapozaliwa, na kosa ninaloeleza si lao peke yao.

Mpango uliosomwa mbele ya kamati una kurasa nyingi. Unataja skrini mbili zaidi, kamera, kompyuta za mkononi, programu ya kumwezesha mgonjwa kupanga miadi kwa simu yake, na siku ya uzinduzi ambayo mahema na viti vyake vimekwisha kukadiriwa bei. Niliusoma mara mbili nikitafuta mstari mmoja tu, unaotaja wadhifa wa mtu ambaye, mkunga wa zamu akipiga simu saa nane za usiku, atakuwa na wajibu wa kuipokea. Sikuuona mstari huo, na ndiyo sababu ninaandika.

Niruhusu nieleze usiku mmoja wa msimu wa mvua, miaka michache kabla sijastaafu. Aliletwa mama wa mimba ya kwanza juu ya boda boda, amebanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake ili asianguke, akiwa amekwisha kupata degedege mara mbili njiani. Presha yake ilisoma 180 kwa 120. Daktari wetu wa pekee alikuwa Kampala kwenye semina, karibu kilomita 500 kutoka kwetu, na afisa tabibu wa zamu alikuwa kijana asiyetimiza mwaka mmoja kazini. Dawa ya kuzuia degedege, magnesiamu salfeti, tulikuwa nayo, na dozi ya kwanza tuliijua sote wawili: gramu nne za mshipa na gramu kumi za msuli, tano kila upande wa makalio. Tulipokwama ni pale degedege liliporudi baada ya dozi hiyo, huku mkojo katika mfuko ukiwa haba. Maana dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, na ikijikusanya humnyima mtu pumzi. Tuongeze au tusiongeze?

Wakati huo mtandao ulishika mahali pamoja tu, chini ya tangi la maji nyuma ya jiko. Kijana alitoka kwenye mvua akiwa na simu yangu, kwa sababu yake ilikuwa imeishiwa, akapiga namba tano za madaktari waliowahi kupita kwetu kwa mafunzo. Mbili zilikuwa zimezimwa, moja iliita hadi ikakatika, ya nne ilipokelewa na mtoto aliyesema baba amelala. Ya tano ilipokelewa na daktari wa uzazi aliyekuwa matangani kijijini kwao, ambaye usiku ule hakuwa katika zamu ya mtu yeyote. Akiwa amesimama nje ya turubai, sauti za waombolezaji zikisikika nyuma yake, alimwuliza kijana maswali manne: goti likigongwa linaruka, anavuta pumzi ngapi kwa dakika, mkojo ni kiasi gani tangu alipofika, na mimba ina wiki ngapi. Kisha akasema la kufanya, akatukataza kumwondoa mama kabla hajatulia, na yeye mwenyewe akampigia mwenzake wa hospitali ya rufaa ili chumba cha upasuaji kiandaliwe. Mama yule alifika Arua, kwenye hospitali hiyo ya rufaa, alfajiri akiwa hai. Mtoto hakuishi.

Huduma tuliyopata usiku ule haikuhitaji skrini wala kamera. Ilihitaji simu ya kawaida, muda wa maongezi ambao kwa bahati ulikuwa umebaki katika laini yangu, na daktari mwenye utu. Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba vyote vitatu vilipatikana kwa bahati.

Miaka miwili baadaye tuliletewa vifaa vya kwanza vya tiba mtandao: skrini pana, kamera inayozungushwa kwa kidude cha mkononi, na meza yake. Viliwekwa katika chumba cha utawala, mlango ukatiwa kufuli, na ufunguo ukakabidhiwa ofisa ambaye kazi yake humtoa nje ya wilaya mara kwa mara. Mwezi uliopita niliomba kukiona chumba hicho. Skrini imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe, kama tunavyofunika televisheni nyumbani vumbi lisiingie. Katika daftari la matumizi nilihesabu kurasa mbili zilizoandikwa, nazo ni za wiki ile ya mafunzo.

Wananchi wenzangu wa Uganda tumekwisha kuiona hali hii katika sura nyingine. Vituo vya afya vya ngazi ya nne vilipojengewa vyumba vya upasuaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, nia ilikuwa njema: mama anayehitaji kupasuliwa asisafiri umbali wote ule hadi hospitali kubwa. Kuta zilisimama na taa za upasuaji zikafungwa darini, lakini katika vituo vingi vyumba hivyo vilikaa miaka bila kupasua mtu, mahali pengine kwa kukosa daktari, pengine mtoa ganzi, pengine damu, na pengine nyumba tu ya kumlaza daktari aliyepangiwa kituo. Tunanunua upesi kitu kinachoweza kupigwa picha siku ya uzinduzi, na tunachelewa kumlipa mtu atakayekitumia siku ya Jumanne ya kawaida.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba fedha za mwanzo za mpango huu ziende upande wa pili wa simu. Iandikwe zamu ya madaktari wa hospitali ya rufaa wanaoshauri hospitali ndogo za mkoa, usiku na mchana: ya uzazi, ya watoto, ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani. Anayekuwa zamu alipwe posho yake, apewe simu ya zamu ambayo haiendi naye nyumbani siku isiyo yake, na kupokea simu hiyo kuhesabiwe kuwa kazi, kama kupita wodini kunavyohesabiwa. Kwa upande wetu, karatasi ibandikwe ukutani inayomkumbusha anayepiga ajiandae na umri wa mgonjwa, presha, joto, wiki za mimba kama ipo, dawa zilizokwisha kutolewa na saa zilipotolewa, ili daktari aliyeamshwa usingizini asihangaike kuvuta maneno mdomoni mwa mtu mwenye hofu. Ushauri ukitolewa, uandikwe katika faili la mgonjwa pamoja na jina la aliyeutoa. Hili la mwisho madaktari wengine hawalipendi, nami naelewa kwa nini, lakini ushauri ambao hakuna aliye tayari kuutilia jina ni afadhali usitolewe.

Najua jibu litakalokuja: madaktari wa rufaa wamezidiwa, na sisi tunataka kuwaongezea mzigo. Mzigo huo tayari wanao. Mgonjwa tunayemtuma bila kupiga simu huwafikia vile vile, saa kumi za alfajiri, barua yake imelowa, damu yake haijapimwa kundi, na nusu ya wanaofika hivyo wangeweza kutibiwa kwetu kama mtu angetuambia la kufanya. Nusu hiyo sikuipima kwa utafiti. Ni makisio ya mtu aliyeandika barua za rufaa kwa miaka mingi na kuwaona wengi wakirudi siku ya pili na vidonge ambavyo hata kabatini kwetu vilikuwapo.

Yapo pia mambo yasiyohitaji daktari awe macho saa ile ile, na hapo ndipo tiba mtandao ina faida ya haraka na ya bei nafuu. Picha ya eksirei ikipigwa asubuhi inaweza kutumwa na kusomwa jioni na mtaalamu aliye Kampala, ambako wengi wao wako; upele wa ngozi unaweza kupigwa picha kwenye mwanga wa dirisha na kusubiri jibu hadi kesho. Wagonjwa wa presha, wa kisukari na wa kifafa, na wale wanaotumia dawa za akili baada ya kutoka hospitalini, wengi wao wanahitaji kupimwa na muuguzi wa kwetu na kuzungumza na daktari kwa dakika chache. Namfahamu mzee mmoja ambaye kila baada ya miezi miwili huuza kuku au hukopa kwenye kikundi cha akiba cha mkewe, hupanda matatu hadi Arua, hulala kwa jamaa, hupimwa presha, huandikiwa dawa zile zile na kurudi. Nauli ya safari hiyo inazidi bei ya dawa zenyewe.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenifundisha jambo jingine. Wakati wa ile wiki ya mafunzo alikuwa miongoni mwa wagonjwa waliokalishwa mbele ya kamera. Daktari wa upande wa pili, ambaye hakujua lugha yetu hata moja, alimwuliza kwa nini ameacha dawa za presha. Mzee akajibu kwa Kiswahili kwamba dawa zinammaliza nguvu. Karani aliyekuwa akitafsiri akasema mgonjwa analalamika uchovu, na daktari akamshauri apumzike mchana. Wauguzi wote waliokuwa chumbani walielewa nguvu alizokuwa akizisema mzee ni zipi, na kwamba mtu hawezi kuzieleza zaidi ya hapo mbele ya watu sita, wawili wao wakiwa na umri wa wajukuu zake. Ziko dawa za presha zinazoleta tatizo hilo na ziko zisizolileta. Kubadilisha kungechukua dakika moja. Mzee alikwenda nyumbani, akapumzika mchana, na dawa hakumeza.

Lugha, basi, ni sehemu ya kifaa. Asubuhi moja katika wodi yetu utasikia Kikakwa, Kiaringa, Kilugbara, Kinubi, na Kiarabu cha Juba cha ndugu zetu wakimbizi wa Sudan Kusini, na ukikaa hadi mchana atatokea Mkongomani mwenye Kiswahili chake chenye ladha ya Kilingala. Kiswahili ndicho kinachotuvusha wengi wetu, ingawa kuna wazee ambao bado wanakisikia kama lugha ya mwenye bunduki na kwao kinahitaji kuzungumzwa kwa upole zaidi. Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini sijaona fomu hata moja ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiswahili. Katika kupanga zamu za washauri, ulizwe pia ni daktari gani anakijua, na wakalimani wetu wawe wauguzi waliofunzwa kazi hiyo na wanaojua kunyamaza, kuliko karani anayepatikana karibu.

Kunyamaza ninakusema kwa makusudi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na bado nimewahi kuoneshwa picha ya jeraha la mama mmoja, uso wake ukiwa wazi, katika kundi la WhatsApp la watumishi ambamo ujumbe uliofuata ulikuwa mchango wa harusi. Aliyeituma alikuwa akitafuta msaada kwa nia safi. Alikosa njia rasmi ya kuituma, na hilo ni jukumu la kamati yetu.

Sasa nije kwenye programu ya miadi, ambayo katika makadirio imetengewa fedha zaidi ya jambo lolote linalomhusu mkunga. Mwaka 2020, magari yalipozuiliwa kwa sababu ya korona na wajawazito wakalazimika kutafuta kibali kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, kabla serikali haijawaruhusu kusafiri bila kibali hicho, mimi na wenzangu tulichukua daftari la kliniki tukaanza kuwapigia simu akina mama mmoja mmoja. Tulizungumza na waume, mashemeji, dereva wa boda boda, na mara mbili na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kwa kuwa namba tulizoandikiwa zilikuwa zao. Mwenye simu yake mwenyewe alikuwa mmoja mmoja, na mwenye simu yenye intaneti alikuwa adimu. Kumwambia mama wa namna hii apange miadi kwa programu ni kumpangia miadi shemeji yake. Wahudumu wa afya wa kijiji, wale VHT wanaotembea nyumba kwa nyumba, wanafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na wakipewa muda wa maongezi na baiskeli nzima wataifanya kwa gharama ndogo.

Kuhusu gharama, liko jambo ambalo ningependa wabunge wetu wa West Nile walisome. Julai 2018 serikali ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Sheria hiyo ya 2021 ilisamehe data inayotumika kutoa huduma za tiba na za elimu. Msamaha huo ni mzuri ukiusoma. Lakini muuguzi anaponunua bando kwenye simu yake ili atume picha ya eksirei, mtambo wa kampuni ya simu hauna namna ya kumtofautisha na jirani yake anayetazama mpira, na wote wawili wanakatwa. Hospitali isajili laini zake kwa jina lake, inunue data kwa mkataba, na wilaya iandike rasmi kudai msamaha ambao Bunge limekwisha kuutoa. Hatua hiyo haihitaji mfadhili.

Na data hiyo ilipwe na hospitali. Ada za matibabu katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, na sisi tuliokuwa kazini tunakumbuka jinsi foleni zilivyorefuka mwezi ule ule, jambo lililotuonesha ni wangapi walikuwa wakiugulia nyumbani kwa kukosa pesa. Mgonjwa akianza kuambiwa achangie bando ili daktari amwone kwenye skrini, kama anavyoambiwa mara nyingine achangie mafuta ya gari la wagonjwa, ada itakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

La umeme ni fupi. Gridi ya taifa ilipotufikia mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kutegemea umeme wetu wa West Nile, tulifurahi, na tuna haki ya kufurahi. Hata hivyo radi za mwezi wa nane hazijui gridi. Betri ndogo ya sola inayotosha modemu na simu mbili katika wodi ya wazazi ni ya lazima, na bei yake ni ndogo kuliko ya mahema ya uzinduzi.

Kuna wenzangu katika kamati wanaohofu kwamba tiba mtandao ikisitawi, wizara itapata kisingizio cha kutotuletea daktari wa pili. Hofu hiyo ninayo mimi pia. Daktari wa kwenye simu hawezi kumtoa mtoto aliyekwama wala kuongeza damu, na usiku ule ninaousimulia, mtoto angeweza kuishi kama upasuaji ungefanyika kwetu. Ndiyo maana naomba zamu ya washauri iandikwe katika waraka mmoja na ombi la daktari wa pili na mtoa ganzi, ili anayelipitisha moja aone na jingine, na anayelikataa moja ajieleze kwa yote.

Kikao chetu kijacho ni mwisho wa mwezi huu. Nimekwisha kumwandikia katibu nikiomba mambo mawili yaingizwe katika ajenda kabla ya kujadili ununuzi wowote: barua ya kamati kwenda hospitali ya rufaa kuomba zamu ya washauri, na skrini tuliyonayo ihamishiwe wodi ya wazazi, ufunguo ukae kwa mkunga wa zamu.

Wako katika huduma,

Mkunga mstaafu,
West Nile, Uganda.